Rangi ya ganda na hesabu ya chakula

Wanaobishana kuhusu rangi ya mayai wana haki pande zote mbili. Upande mmoja husema ganda halibadilishi ladha wala lishe, na hata unjano wa kiini hutokana na mahindi ya njano na majani, si aina ya kuku. Ni kweli tupu. Upande wa pili husema trei yenye mayai ya bluu, ya kijani cha zeituni na ya kahawia iliyokoza humsimamisha mnunuzi ambaye angepita. Nalo ni kweli. Ila kabla ya kuchagua upande, kaa chini upige hesabu ya chakula.

Mtetea wa Leghorn, aina inayotaga mayai meupe, anayekula gramu 105 kwa siku humaliza kilo 38 hivi kwa mwaka. Akitaga mayai 280, kila yai limekula gramu 137 za chakula. Marans ni mzito zaidi. Mpe gramu 125 kwa siku na mayai 160 kwa mwaka, na kila yai litakuwa limekula gramu 285. Yai lake la rangi ya chokoleti limegharimu zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kama wateja wako hununua kwa trei bila kuangalia ganda, umeshapata hasara. Araucana, anayetaga mayai ya bluu, naye hutaga kwa kiasi. Cream Legbar, waliotokana na kazi ya wanasayansi wa vinasaba Punnett na Pease huko Cambridge, Uingereza, ndio afadhali: yai ni bluu, idadi hukaribia 180, na vifaranga hutambulika jike na dume siku ya kuanguliwa kwa rangi ya manyoya.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kununua jina la aina badala ya ukoo wenyewe. Sababu iko katika namna rangi inavyotengenezwa. Ganda la kila yai ni kalsiamu kaboneti nyeupe, na hujengwa kwa takriban saa 20. Rangi ya kahawia huitwa protoporfirini, na sehemu yake kubwa hupakwa juu saa za mwisho. Ndiyo maana ukilivunja yai hilo unakuta ndani peupe, na yai la Marans likisuguliwa kabla halijakauka hubanduka rangi. Bluu, yaani biliverdini, hupenya ganda lote hadi ndani. Zeituni si rangi ya tatu, ni kahawia iliyopakwa juu ya bluu.

Bluu huletwa na kinasaba kimoja kinachotawala, ambacho watafiti mwaka 2013 walionyesha kuwa kilitokana na kipande cha virusi kilichojipachika katika DNA ya kuku. Nakala moja inatosha kutoa bluu. Kahawia hutegemea vinasaba vingi, hivyo hufifia upesi ukichanganya damu: Marans akipandwa na jogoo wa Leghorn, mabinti hutaga kahawia hafifu tu. Mfugaji anayeuza “Marans” bila kuonyesha mayai ya mama na ya bibi wa jogoo anakuuzia manyoya.

Jogoo hatagi, kwa hiyo hupimwa kwa mabinti zake. Mpandishe kwa mitetea wanaotaga mayai meupe. Akiwa na nakala mbili za bluu, mabinti wote watataga bluu. Akiwa na moja, nusu yao. Kama ana nakala moja tu, uwezekano wa mabinti 8 wote kutaga bluu ni 1 kati ya 256. Tatizo ni muda, maana utasubiri miezi mitano au zaidi kuona yai la kwanza. Kutazama ndewe za masikio hakutoshi: nyeupe huambatana na mayai meupe na nyekundu na kahawia, lakini Araucana ana ndewe nyekundu na yai la bluu, na Penedesenca wa Kikatalani ana ndewe nyeupe na yai la kahawia iliyokoza. Tena, Araucana wenye vishungi masikioni wasipandishwe wao kwa wao. Kiinitete kinachopata nakala mbili za kinasaba cha vishungi hufia ndani ya yai, nacho ni kimoja kati ya vinne.

Mayai ya kahawia iliyokoza pia husumbua kwenye mashine ya kuangulia, kwa kuwa ukiyamulika kwa taa huoni vizuri kilichomo ndani. Tegemea mizani: yai lipoteze asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Lisipofikia hapo, punguza unyevu.

Hata hivyo ganda la kahawia lina faida moja ambayo wapinzani husahau: hutoa taarifa. Rangi hufifia polepole msimu wa kutaga unavyosonga, na hurudi baada ya kuku kubadili manyoya. Lakini ikipauka ghafla, tafuta utitiri mwekundu bandani usiku, chunguza kama chakula kina nikarbazini (dawa ya kuzuia koksidia), na ikiambatana na maganda laini mwite daktari wa mifugo, maana mkamba wa kuambukiza, ugonjwa wa virusi wa kuku, huweza kuanza hivyo. Kwa Leghorn dalili hiyo haionekani kabisa.

Kwa kundi la kuku 12 tungeweka 8 watagaji wazuri, Legbar 2 na Marans 2. Ukitaka zeituni, mpandishe jogoo wa Marans mweusi mwenye shingo ya shaba kwa mitetea wa Legbar walio safi, yaani wenye nakala mbili za bluu. Vifaranga dume huanguliwa na doa jeupe kichwani, majike bila doa, na majike wote watataga zeituni. Usiendelee kuzalisha kutoka kwao ukitarajia hali hiyo hiyo: wakirudishwa kwa jogoo wa Marans, nusu ya mabinti hutaga kahawia.