Kupima kromosomu za mtoto tumboni: Dodoma tuanze na lipi?

Wajawazito wa Dodoma mjini wanaosoma mtandaoni wanakutana na habari za kipimo cha damu ya mama ambacho, kuanzia wiki ya 10 ya mimba, huonyesha kama mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kromosomu (uzi mdogo unaobeba urithi ndani ya seli) ya 21 ya ziada, yaani sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili. Wanaokitetea wana hoja nzito. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Mama wa Chemba au Mpwapwa akijua mapema, anaweza kupewa rufaa ajifungulie Hospitali ya Benjamin Mkapa badala ya zahanati isiyo na daktari. Hoja hiyo naikubali bila kusita.

Lakini kipimo hiki hakitoi jibu la mwisho. Chukua wajawazito 12,500 wa miaka 25. Kwa umri huo, wapatao 10 watakuwa na mtoto mwenye hali hiyo, na kipimo kitawabaini karibu wote. Kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000, wengine 12 hivi watapewa majibu ya kutisha ilhali watoto wao hawana tatizo. Kwa hiyo binti wa umri huo akiambiwa majibu si mazuri, uwezekano wa kuwa ni kweli haufiki nusu! Kwa mama wa miaka 40 jibu hilohilo lina uzito zaidi, kwa kuwa hali hii hutokea zaidi kadiri umri wa mama unavyopanda. Njia ya kawaida ya kuthibitisha ni kuchota maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, na mimba huweza kuharibika, ingawa ni mara chache.

Sheria yetu hairuhusu kutoa mimba kwa sababu hii, na kwangu mimi kipimo hakipaswi kuelekea huko. Ninachohofia ni nyumbani: miezi mitano mama analaumiwa na wakwe kwa jambo ambalo hakulisababisha.

Anayekitaka na kukimudu asizuiwe, mradi apate mshauri wa kumfafanulia majibu. Fedha ya umma, naona, ianzie kwingine. Wengi huanza kliniki mimba ikiwa imeshakua, na watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana ambao hakuna aliyewatilia shaka. Mkunga wa zahanati afundishwe kumtambua mtoto huyu siku anapozaliwa, kwa misuli iliyolegea, macho yaliyopanda pembeni na mstari mmoja kiganjani, kisha ampe rufaa ya kupimwa moyo bila kusubiri aanze kuugua.