Ntiro, chaki na soli ya kandambili

Mwalimu mmoja wa sanaa hapa Iringa, rafiki yangu wa miaka mingi, anataka kuacha kazi abaki na kuchora na kuchapa picha tu. "Ualimu unakula mkono," ananiambia, na ushahidi wake ni mchoraji Sam Ntiro.

Si ushahidi wa kubeza. Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, akaenda Slade, chuo cha sanaa cha London, akarudi kufundisha Makerere. Mwaka 1960 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka uliofuata tukapata uhuru, naye akapelekwa London kuwa balozi. Baadaye ofisi za utamaduni, halafu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukizitazama picha zake za miaka ya 50 na za uzeeni, majembe ni yaleyale na migomba ni ileile. Rafiki yangu anasema huo ni uchovu wa kusahihisha kazi za wenzio.

Mimi nauona ukaidi. Trowell aliwasimulia wanafunzi tukio, kila mtu akalichora alivyoliona kichwani. Aliyelelewa hivyo hana sababu ya kuihama Machame. Na kama kuna kilichomng'oa mbele ya turubai, nitaanza kuushuku ubalozi kabla ya darasa.

Tena darasa la rafiki yangu nalijua. Lino, lile zulia la mpira linalochongwa ili kuchapa picha, hakuna; mashine ya kuchapia ndiyo usiseme. Kidato cha kwanza wanachonga viazi mviringo vya Njombe. Cha tatu wanachonga kwa wembe soli za kandambili zilizokwisha, wanapaka wino, wanalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Siku moja binti mmoja alisahau kwamba picha ikichapwa hugeuka. Mama yake mbeba kuni, aliyetakiwa kupanda kuelekea mwamba wa Gangilonga, akatoka anashuka. Mwalimu aliitazama ile karatasi mpaka kengele ikalia. Picha yake bora kuliko zote, ya wanawake wanaopishana mlimani, ilianzia hapo.

Lakini nisimwonee. Shule ikitaka kibao cha getini, ni yeye. Ikitaka mchoro wa mapafu maabara, ni yeye. Na vipindi vya Kiswahili juu. Jioni anashika wembe macho yameshafumba. Hilo silibishi.

Ninalobisha ni hesabu zake. Wanunuzi wake wengi ni watalii wanaopita kwenda Ruaha, na hao huja kiangazi. Agosti anauza, anajiona tajiri. Masika mshahara ndio unaonunua wino.

Barua ameshaiandika, iko mfukoni. Nimemsihi aibadilishe iwe ya likizo bila malipo, na aianze Februari, si Agosti.