Usianze na tafsiri: namna ya kutafiti kampeni za sigara kwa jamii za lugha nyingi

Kampeni nyingi za kupinga sigara zinazolenga wahamiaji huanzia mwisho. Tangazo limeshatungwa kwa Kiingereza, picha zimeshapigwa, bajeti imebaki kiduchu, ndipo mtu anakumbuka kuwa wako pia wasemaji wa Kiarabu, Kivietinamu, Kichina na Kiswahili wanaovuta. Utafiti unaofuata huwa swali moja tu: mmeipenda tafsiri hii? Mgeni mwenye adabu hujibu ndiyo, na ripoti inaandikwa.

Australia inafaa kutazamwa, maana haikuzembea. Tangu Desemba 2012 pakiti zote za sigara nchini humo zina rangi moja ya kahawia iliyopooza, hazina nembo, na zimejaa picha za maradhi. Hata hivyo, takwimu za jumla hufunika mengi. Wanaume waliozaliwa Vietnam huvuta kuliko wanaume waliozaliwa Australia, ilhali wanawake wa Kivietinamu huvuta kidogo sana. Ukiwachanganya, unapata asilimia ya wastani, na jamii nzima inaonekana salama. Kwa hiyo kabla ya kutunga hata sentensi moja, takwimu zigawanywe kwa jinsia, umri, nchi ya kuzaliwa na miaka ambayo mtu ameishi ugenini. Aliyehamia akiwa na miaka 50 na kijana aliyesoma shule huko hawavuti kwa sababu moja, hata kama wanaishi nyumba moja.

Halafu litazame dodoso. Mvuta shisha akiulizwa "unavuta sigara?" atajibu hapana, na hajadanganya. Vivyo hivyo anayeweka naswar (tumbaku isiyowashwa moto) chini ya mdomo au anayetafuna tambuu yenye tumbaku. Kila kitu kitajwe kwa jina lake. Kwa shisha, kuuliza "vijiti vingapi kwa siku" ni kupoteza muda: uliza mara ngapi kwa wiki, kikao huchukua muda gani (mara nyingi hufika saa nzima), watu wangapi hupokezana bomba, nyumbani au mkahawani.

Lugha ndipo penye utamu na balaa. Chukua Kiswahili chenyewe. Mfasiri aliyebanwa na muda ataandika "moshi wa mkono wa pili" na "dalili za kujiondoa". Maneno hayo yakirudishwa Kiingereza ili kukagua tafsiri, yanarudi vilevile, neno kwa neno, na mkaguzi anapiga tiki. Msomaji naye anajiuliza moshi umepataje mikono. Ndiyo maana siamini ukaguzi wa kurudisha tafsiri peke yake: tafsiri mbovu ya neno kwa neno huufaulu vizuri kuliko tafsiri nzuri. Andika "moshi wa sigara ya mwenzako" na watu watakuelewa. Zile dalili, yaani mateso ya mwili unaodai sigara mtu anapoacha, vijana wengi wa mjini wataziita arosto, lakini neno hilo lina harufu ya unga, yaani dawa za kulevya. Mzee anayevuta sigara mbili baada ya chakula anaweza kuona ametukanwa. Na wapo, hasa mashariki mwa Kongo, wanaosema kunywa tumbaku badala ya kuvuta. Hayo huyapati kwenye kamusi, unayapata kwa kuwaketisha watu.

Kuwaketisha nako kuna namna. Watu 6 hadi 8 wanatosha kwa kundi moja. Wanaume peke yao, wanawake peke yao, vijana mbali na wazazi, la sivyo binti anayevuta kwa siri atakaa kimya saa nzima na wewe utaandika kwamba wasichana hawavuti. Anayeongoza mazungumzo ajue lugha yao, ila asiwe kiongozi wao wala jamaa. Kosa la kawaida ni kumwachia mwenyekiti wa chama cha jamii achague washiriki: atakuletea wanaohudhuria mikutano, ambao mara nyingi si wavutaji. Watafute wavutaji kwa vinyozi, kwenye vituo vya teksi, madarasa ya lugha, kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku. Walipwe kwa muda wao, wote sawa.

Usiulize "mmeelewa?" Waoneshe tangazo, liondoe, kisha uliza: ungemwelezaje shemeji yako? Anachosimulia ndicho tangazo linachosema, hata kama halikukusudia. Mazungumzo yachambuliwe katika lugha iliyosemwa, maana mzaha na kejeli hupotea kabla hazijafika kwenye muhtasari wa Kiingereza.

Njia hii huleta mambo ambayo ofisini hayafikiriwi. Muislamu anayefunga Ramadhani anakaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi, siku 29 au 30. Kumwambia "unaweza" ni kumwambia analolijua. Kinachomwangusha ni ile saa ya kwanza baada ya futari, basi ujumbe uzungumzie saa hiyo, na maandalizi yaanze Shaaban.

Mwisho wa tangazo huwa kuna namba ya simu. Hapo ndipo fedha nyingi humwagika. Nchini Marekani ilianzishwa huduma ya wavutaji wa asili ya Asia ikiwa na namba tofauti kwa Kichina, Kikorea na Kivietinamu, ili anayepokea azungumze lugha hiyo. Kwingineko mpigaji hukutana na sauti ya Kiingereza, kisha lazima aombe mkalimani kwa Kiingereza hichohicho asichokijua. Kabla tangazo halijarushwa, watafute watu watano wasiojua Kiingereza, wapige namba hiyo mchana, jioni na Jumamosi, na uandike kila mmoja amekwama wapi na alisubiri dakika ngapi kabla ya kukata simu.