Ushanga unasema mengi kuliko shoka, lakini usiuamini peke yake

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, baada ya kilomita zipatazo 20 unafika korongo la Isimila. Mashoka ya mkono ya mawe yamejaa pale, mengine makubwa kiasi cha kukufanya ujiulize yalishikwaje. Umbo lake ni kama jani la mkungu: huku limejaa, huku limechongoka, na kingo zimegongwa pande zote mbili. Ligawe katikati kwa macho, utaona kushoto kunalingana na kulia. Linakadiriwa kuwa na umri wa robo milioni ya miaka au zaidi, na aliyelitengeneza hakuhitaji ulinganifu wote huo ili achune mnyama. Kigae kikali, yaani kipande chembamba cha jiwe kinachobanduka kwa pigo moja, kinaimaliza kazi hiyo.

Basi alihangaikia nini, na vitu alivyoacha vinatuambia nini kuhusu fikra zake?

Jibu linalopendwa ni kwamba alikuwa na picha kichwani kabla hajaligusa jiwe, kama fundi wa Kimakonde anavyoiona sura ndani ya gogo la mpingo. Hoja hii ina uzito. Mwanaakiolojia Dietrich Stout na wenzake waliwapima ubongo watu wa leo waliojifunza kuchonga mawe kwa mbinu za kale. Kubandua kigae cha kawaida hakukuwa sawa na kuchonga shoka. Kwenye shoka ziliamka zaidi sehemu za mbele za ubongo, zile zinazohusika na kupanga hatua kwa hatua. Na ukitazama kazi yenyewe unaelewa. Pigo moja baya linalikata shoka vipande viwili, kwa hiyo mchongaji analazimika kufikiria pigo la tatu akiwa bado kwenye la kwanza.

Lakini mtu asiyeshawishika upesi atakuwa na la kusema. Ubongo uliopimwa ni wa binadamu wa leo, aliyeshakwenda shule na anayejua anatakiwa kutoa nini. Halafu kuna suala la muda. Baadhi ya mashoka ya aina hii ya zamani zaidi yanayojulikana yalipatikana Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana, na yana miaka milioni 1.76. Kutoka hapo mpaka Isimila ni kama miaka milioni moja na nusu, na wazo ni lile lile. Yalikuja kuwa membamba na nadhifu zaidi, ndiyo, ila mchongaji wa Kokiselei angelitambua shoka la Isimila bila kuuliza. Fikra gani hiyo inayokariri kitu kimoja kwa vizazi zaidi ya elfu hamsini? Mnana naye husuka kiota kile kile mwaka hata mwaka, na hatusemi ana mawazo ya usanifu. Wapo watafiti walioandika kwamba huenda sehemu ya ustadi ule ilirithiwa kwenye damu, kama wimbo wa ndege. Mimi siendi nao mpaka huko, kwa sababu hata leo kuchonga jiwe hujifunzi ila kwa kufundishwa na kujikata vidole. Lakini swali lao ni halali, na walioiba usingizi wetu zaidi walikuja mwaka 2016.

Nao walikuwa kima. Kapuchini wa Brazil walionekana wakigonga jiwe kwa jiwe na kubandua vigae vyenye makali, vya sura ile ile tunayoiweka kwenye kabati za makumbusho. Kisha wakaviacha hapo hapo. Hawakuwa na haja navyo. Wengine walikuwa wakilamba vumbi la jiwe. Tangu siku hiyo, anayeonyesha kigae cha kale na kusema "hapa palikuwa na akili" anaulizwa ni akili ya nani, na ilitaka nini. Hata vile vya Lomekwi, Turkana, vilivyotangazwa mwaka 2015 kuwa na umri wa miaka milioni 3.3, havijaachwa bila kupingwa, na sehemu ya ubishi ni kama kweli vilitoka kwenye tabaka la udongo linalotajwa.

Kwa maoni yangu jiwe linaanza kusema jambo zito pale linapokuwa limesafiri. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, ndiko hilo linakoonekana vizuri. Wachongaji wa mwanzo wa pale waliokota mawe ya jirani, mengi yake yakiwa ya ndani ya kilomita tano hivi. Lakini kufikia miaka 320,000 iliyopita, kama walivyoeleza Rick Potts, Alison Brooks na wenzao mwaka 2018, mashoka makubwa yamekwisha, zana zimekuwa ndogo na za ufundi mpya, na kati yake kuna vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, lililotoka umbali wa kilomita 25 hadi 50, na pengine hata 90. Kuna na udongo wa rangi, mwekundu na mweusi, mwingine umekwanguliwa ili kupata unga. Kilomita hizo si za mtu kutembea asubuhi akarudi mchana. Ama alisafiri kwa mpango, ama alijuana na watu wa huko na kubadilishana nao. Yote mawili yanataka kichwa kinachomkumbuka asiyekuwepo mbele ya macho.

Na unga mwekundu hauchuni nyama. Hapo ndipo mapambo yanapoingia.

Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, Christopher Henshilwood na timu yake walitangaza mwaka 2004 kombe 41 za konokono wadogo wa majini, zenye miaka 75,000, kila moja imetobolewa. Konokono hao hawakuishi pangoni. Mito waliyopatikana ilikuwa mbali, kama kilomita 20. Bizmoune, Morocco, zimepatikana kombe 33 zilizotobolewa, zenye miaka zaidi ya 140,000. Kwetu pwani, pango la Panga ya Saidi huko Kilifi limetoa ushanga wa kombe wa miaka takriban 65,000.

Mwenye shaka atasema: mawimbi hutoboa kombe, na wapo viumbe wa baharini wanaowatoboa konokono ili wawale. Kweli. Ndiyo maana hoja haisimami kwenye tundu, inasimama kwenye ukingo wa tundu. Za Blombos zimelika pale uzi ulipopita na pale ushanga mmoja uliposuguana na mwenzake, na nyingine zina mabaki ya udongo mwekundu. Zilivaliwa, tena kwa muda mrefu.

Ushanga wa ganda la yai la mbuni hauna hata utata huo, kwa kuwa hakuna wimbi linaloutengeneza. Wasan wa Kalahari wameendelea na kazi hii mpaka zama zetu, kwa hiyo tunaijua. Unavunja ganda vipande, unakitoboa kila kimoja kwa ncha kali, na vingi vinapasukia hapo. Vilivyopona unavitunga kwenye uzi vikabanana, kisha unausugua mstari mzima juu ya jiwe mpaka vyote viwe duara. Jasho lote hilo kwa kitu kisichozidi punje ya hindi. Mwaka 2022 Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha vipimo vya shanga za namna hii zaidi ya 1,500, kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Walichokiona ni kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita mtindo ulifanana mno pande hizi mbili, kisha ukaachana. Wao wanasoma hapo mtandao wa watu uliokuja kukatika hali ya hewa ilipobadilika.

Mimi napima hivi: shoka linamhitaji mtu mmoja na jiwe lake, ushanga unamhitaji wa pili atakayetazama. Anayevaa anawaza jinsi anavyoonekana kwa mwingine, na hilo shoka haliwezi kulithibitisha. Ingawa hapa pia nitajikwaza mwenyewe. Mswahili anajua utunda, zile shanga za kiunoni ambazo hazikuvaliwa zionwe na kila mpita njia. Mwanaakiolojia akizikuta baada ya miaka 70,000 ataandika "alama ya kujitambulisha kwa jamii", na bibi zetu watacheka kaburini.

Kosa kubwa zaidi, kwangu, ni kufanya ushanga uwe cheti cha akili. Richard Klein, mwanaakiolojia wa Marekani, alishikilia kwa miaka mingi kwamba fikra za kisasa zilifumuka miaka 50,000 hivi iliyopita, huenda kwa badiliko la kijeni lililougusa ubongo. Sally McBrearty na Brooks walimjibu mwaka 2000 kwamba hapakuwa na mfumuko wowote; mambo yalijikusanya Afrika kidogo kidogo, hili leo lile kesho, kwa zaidi ya miaka laki mbili. Ushahidi uliokuja baadaye, Olorgesailie na Bizmoune ukiwemo, umeelekea upande wa akina McBrearty. Na hata hivyo pande zote mbili zinahesabu vilivyobaki. Nenda Ziwa Eyasi, lilipo pango la Mumba lililotoa shanga za mbuni, uwatazame Wahadzabe wanaoishi nchi hiyo leo. Wanapiga mbinja, ndege anaitika na kuwaongoza hadi kwenye asali. Upinde ni mti, kamba ni mshipa wa mnyama, mapatano na ndege ni sauti. Wakihama kambi, ardhi itahifadhi nini cha haya?

Panga ya Saidi kuna jibu la aina yake. Mwaka 2021 lilitangazwa kaburi la miaka 78,000 la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, ambaye watafiti walimwita Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia katika shimo lililochimbwa kwa makusudi, magoti yameletwa kifuani. Mawazo ya waliomzika hayakusomwa kwenye zana wala pambo, bali kwenye mkao wa mifupa. Mabega yamebana kama ya mtu aliyeviringishwa ndani ya kitu, na kichwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu mfano wa mto wa kulalia. Mto wenyewe, wa majani au wa ngozi, ulishaoza.