Kanji kwa Mkono Kila Siku: Kunakili Bado Si Kuandika

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza Kijapani hupata mwanzo mtamu. Irabu ni tano kama zetu, silabi nyingi zinaishia kwa irabu, na maneno kama sakana, yama na kokoro yanatoka mdomoni bila kuusumbua ulimi. Hiragana 46 za msingi, ambazo ni alama za sauti, zinaingia kichwani kwa wiki chache; katakana, seti ya pili ya alama za sauti zilezile, zinafuata. Kisha inakuja kanji, alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana, na mwendo unabadilika. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iitwayo jouyou kanji, ina kanji 2,136 tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2010, na nyingi kati yake zina usomaji zaidi ya mmoja. Kanji 生 peke yake husomwa sei, shou au nama, na hiyohiyo ndiyo inayobeba vitenzi vya kuishi, kuzaliwa na kuota kwa mmea.

Hapo ndipo kila mwanafunzi anapokutana na swali ambalo walimu wenyewe hawalijibu kwa sauti moja: je, nikae na daftari kila siku niandike kanji kwa mkono, au inatosha kuzitambua kwa macho na kuzichapa kwenye simu? Wanaotetea daftari husema asiyeandika hajui. Wanaolipinga husema huo ni muda unaotupwa. Nimekaa pande zote mbili kwa miaka kadhaa, na nimefikia kuamini kwamba ugomvi umewekwa mahali pasipo pake. Mkono una kazi kubwa katika kujifunza kanji. Ila sehemu kubwa ya yale tunayoyaita mazoezi ya kuandika haiifanyi kazi hiyo.

Nianze na wapinzani, maana hoja zao ni nzito kuliko wanavyopewa sifa.

Japani yenyewe imeshaondoka sana kwenye kalamu. Mwaka 1978 kampuni ya Toshiba ilitangaza JW-10, mashine ya kwanza ya kuchapa Kijapani kwa kugeuza kana (yaani hiragana na katakana) kuwa kanji, kwa bei ya yen milioni 6.3. Leo uwezo huo umo ndani ya kila simu. Unaandika sauti, mashine inakupa orodha ya kanji zinazolingana nayo, unachagua. Ukiandika kikai, inakuletea 機会 (nafasi, fursa) na 機械 (mashine), pamoja na nyingine. Kinachotakiwa kwako ni kujua ipi ni ipi ukiiona. Kuitoa kichwani mstari kwa mstari hakutakiwi.

Matokeo yake yanaonekana kwa Wajapani wenyewe. Katika uchunguzi wa maoni kuhusu lugha uliotolewa na Idara ya Utamaduni ya Japani mwaka 2012, asilimia 66.5 ya waliohojiwa walisema uwezo wao wa kuandika kanji kwa usahihi umepungua kwa sababu ya vifaa vya kuchapia. Hawa ni watu waliofundishwa kuandika tangu shule ya msingi. Na orodha ya 2010 iliingiza kanji kama 鬱, ya huzuni nzito, yenye mistari 29 ya kalamu. Baraza lililoiandaa likaeleza wazi kwamba si lazima kila kanji iliyomo iweze kuandikwa kwa mkono. Kwa hiyo mgeni anayejilazimisha kuandika zote 2,136 bila kuangalia anajidai jambo ambalo hata mwenye lugha hadaiwi.

Mtihani nao haudai. JLPT, mtihani wa Kijapani unaojulikana zaidi kwa wageni, una ngazi tano kutoka N5, ya chini kabisa, hadi N1, ya juu kabisa, na zote ni za kuchagua jibu. Mtu anaweza kupata N1 bila kuandika kanji hata moja. Kanken, mtihani wa kanji wanaofanya Wajapani wenyewe, ndio unaotaka kuandika.

Halafu kuna saa. Dakika 20 kwa siku ni zaidi ya saa 120 kwa mwaka. Kwa anayejifunza baada ya kazi, hizo saa 120 huenda ndizo karibu zote alizonazo. Akizitoa kwa daftari, amezinyima masikio na mdomo. Nimewaona wanafunzi wenye mwandiko mzuri wa kanji 500 wasioweza kuagiza chakula wala kufuata tangazo la treni, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo.

Sasa upande wa pili.

Sisi tuliokulia kwenye alfabeti tumezoea kusoma kwa kufuata herufi, na Kiswahili kimetudekeza zaidi, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Jicho letu halijafundishwa kuangalia umbo. Mwanafunzi mpya akitazama kanji anaona wingu: anaona kwamba kuna kitu kushoto, kitu kulia, na wino mwingi. Anaitambua kwenye kadi zake kwa sababu ya wingu hilo, na anadhani anaijua. Siku anapokutana na ndugu yake mapacha, anaanguka. 待 ni kungoja, 持 ni kushika au kuwa na kitu; tofauti yote iko kwenye mistari mitatu ya upande wa kushoto. 未 ni bado, 末 ni mwisho, na kinachozitenganisha ni mstari upi wa mlalo ni mrefu, wa juu au wa chini. Jicho linapita juu ya mambo haya kila siku bila kuyasimamia. Mkono hauwezi. Ukifika kwenye 未 lazima uamue: wa juu mfupi au wa chini mfupi? Kama hujui, kalamu inasimama hewani, na hapo ndipo unagundua kwamba hukuwa unajua.

Watafiti wameliangalia jambo hili, hasa katika Kichina. Mwaka 2005 Li Hai Tan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Beijing, wakaonyesha kwamba uwezo wa mtoto kusoma Kichina ulihusiana kwa nguvu na uwezo wake wa kuandika. Watetezi wa daftari huushika utafiti huo kama ngao. Lakini wale walikuwa watoto waliokwisha kuizungumza lugha yao, si watu wazima wanaoanza kutoka sifuri. Na mwaka 2009 watafiti wengine walieleza habari za mgonjwa Mchina ambaye uwezo wake wa kuandika ulikuwa umeharibika, huku wa kusoma ukibaki. Kwa hiyo kusoma kunaweza kusimama peke yake. Kwangu swali linalobaki ni kama kunaweza kujengwa vizuri bila mkono kusaidia, na hapo naegemea upande wa mkono, walau mwanzoni.

Kuna na faida ya mfuatano wa mistari, ambayo wengi huiona kama adabu tu ya kizamani. Chukua 左 (kushoto) na 右 (kulia). Sehemu ya juu inafanana kabisa kwa macho, lakini katika 左 unaanza na mstari wa mlalo, katika 右 unaanza na ule unaoteremka kushoto. Kwa maandishi ya chapa, haina maana yoyote. Ila Mjapani anapoandika haraka, mistari inaungana kwa kufuata njia ambayo kalamu imepita, na asiyeijua njia hiyo hawezi kuusoma mwandiko. Barua ya mwenye nyumba, maelezo ya daktari, ubao wa mwalimu: hivyo vyote viko katika mwandiko wa mbio. Pia kamusi za kwenye simu hukuruhusu kuchora kwa kidole kanji usiyojua kuisoma, na anayejua mfuatano huipata upesi.

Sasa nieleze kilichonibadilisha, maana ni hapo hoja yangu ilipo.

Nilipofika kwenye 曜, kanji inayokaa katikati ya jina la kila siku ya wiki, niliamua kuiandika mara 50. Ina mistari 18. Daftari langu lilikuwa la miraba, na baada ya mraba wa nne au wa tano mkono wangu ulipata njia ya mkato: niliandika 日 ya upande wa kushoto kwenye safu nzima, kuanzia juu hadi chini, kisha nikarudi juu nikaanza kujaza upande wa kulia. Ukurasa ulijaa upesi na ulionekana safi. Nikaweka tarehe pembeni, nikafunga. Kesho yake nilitaka kuandika "Jumapili", 日曜日, bila kuangalia. Nilipata 日 ya kwanza, nikapata 日 ya mwisho, na katikati pakabaki pengo. Mara 50, na sikuwa nimeiandika hata mara moja. Nilikuwa nimenakili vipande, kila mara jicho likiwa na mfano mbele yake, na kichwa hakikuulizwa chochote.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema, na ndivyo wengi wanavyojitia moyo na daftari. Lakini kunakili huku mfano ukiwa mbele ya macho ni kumimina kwenye kibaba kilichotoboka.

Tangu siku hiyo nilihamia kwenye imla. Najisomea neno kwa kana, au nalisikiliza likisomwa, kisha naliandika kwa kanji mara moja, bila mfano. Nikikwama, nakaa na kukwama kwangu sekunde kumi hivi. Ndipo nafungua, natazama sehemu iliyonishinda tu, nafunika, naandika tena. Mara mbili, tatu, basi. Kesho neno linarudi. Na naandika maneno, siyo kanji za pekee: 機会 na 機械 ninaziandika zikifuatana, ili mkono uone kwamba kanji ya kwanza ni moja, na kwamba tofauti yote iko kwenye ya pili, 会 ya kukutana dhidi ya 械 yenye mti ubavuni. Maneno manane au kumi kwa njia hii yanakula dakika 15, na yanachosha kuliko kurasa tatu za kunakili. Uchovu huo ndio malipo ya kazi.

Hili pia ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaosema kalamu imepitwa na wakati. Wanachokipinga, kwa sehemu kubwa, ni kunakili, na hapo nakubaliana nao kabisa. Hawajaonyesha kwamba kuandika kwa kukumbuka ni kazi bure.

Je, kanji ngapi basi? Hapa natofautiana na watetezi. Watoto wa Japani hujifunza kanji 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi: 80 mwaka wa kwanza, 160 wa pili. Hizo 240 naona kila mwanafunzi aziandike zote, hadi zitoke bila mfano. Si kwa sababu atazihitaji kwenye karatasi. Ni kwa sababu ndani yake kuna matofali ya nyingine nyingi: mtu, mti, maji, mdomo, maneno, jua. Aliyeandika 木 na 人 kwa mkono haoni wingu akikutana na 休, kupumzika. Anaona mtu kando ya mti. Na akifika kwenye 語 yenye mistari 14 haandiki mistari 14. Anaandika vitu vitatu anavyovijua: 言, 五, 口.

Baada ya hapo, macho na kibodi vichukue usukani. Mkono ubaki kwa zile zinazochanganywa, na kwa zile ambazo maisha yako yanazidai: anwani yako kama unahamia Japani, maana fomu nyingi za ofisi za serikali za mitaa bado zinajazwa kwa kalamu, jina la shule au kazi yako, maneno ya fani yako. Hoja ya kuziandika zote 2,136 naiona nzuri kwa anayelenga Kanken au anayependa mwandiko wenyewe. Huyo wa mwisho sina la kumshauri. Watu wanaokusanyika kila Desemba kwenye hekalu la Kiyomizu-dera, Kyoto, kutazama kanji moja ya mwaka ikiandikwa kwa brashi kubwa, desturi iliyoanza mwaka 1995, hawaendi kuhesabu saa.

Jambo moja zaidi linawatesa wanafunzi bila sababu: ukamilifu. Wapo wanaofuta kanji sahihi mara nne kwa sababu mguu wa 木 umeishia kwa ndoano ndogo ilhali kitabu hakina ndoano. Mwaka 2016 Idara ya Utamaduni ilitoa mwongozo unaosema tofauti za aina hiyo kati ya chapa na mwandiko zinakubalika. 木 yenye ndoano na isiyo nayo zote ni mti. Dakika zinazoishia kwenye kifutio zingetosha imla nyingine nzima.

Wajapani wana tabia iitwayo kuusho: wakijaribu kukumbuka kanji, huiandika kwa kidole hewani, kwenye kiganja au juu ya paja. Watafiti wa saikolojia walianza kuichunguza miaka ya 1980. Miezi kadhaa baada ya kuacha kunakili, nilikuwa nimeketi nikisikiliza mazungumzo ya Kijapani, neno moja likanipita, nikatazama chini. Kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya goti, kimeshaandika 木 na kinaendelea kulia.