Fenesi Lilifunga Mkanda

Mama mkwe wangu anakaa Muheza, na ukitoka Muheza mikono mitupu watu wa Dar watakuuliza kama ulifukuzwa. Kwa hiyo Jumapili ile ya kurudi, gari langu, Toyota IST, lilipakiwa mpaka likachuchumaa nyuma kama mbuzi jike anayekojoa. Machungwa 300, yamehesabiwa mojamoja mbele ya macho yangu, magunia mawili. Juu yake mkungu wa ndizi. Na juu ya yote, kama bibi harusi, fenesi moja lenye ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Lilikuwa zawadi ya kumpelekea dada yake mama mkwe anayekaa Bunju, Dar, na mama mwenyewe alikuwa anasafiri nasi kulisindikiza.

Buti likagoma kufunga. Shemeji akaja mbio na kamba ya katani. Nikamwambia aiweke, nina ya kwangu ya nailoni, nimenunua Kariakoo. Hebu fikiria: niko Tanga, mkoa uliojengwa kwa mkonge, mimi nawaonyesha nailoni. Nikapiga mafundo matatu, nikalitikisa buti mbele ya wakwe, likatulia. Kioo cha kati kilikuwa kinaonyesha fenesi tu, lakini nikajiambia vioo vya pembeni vinatosha.

Njiani nikaanza kumpa mama mkwe somo. Mkwe lazima aone binti yake hakuolewa na mtu wa hivihivi. "Mama, barabarani kuna lugha," nikamwambia. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia pita, kweupe. Akiwasha ya kulia, tulia hapohapo, kuna gari linakuja. Ukiona matawi mabichi yamewekwa barabarani, mbele kuna gari bovu. Na wanaokuja upande wa pili wakikuwashia taa za full mchana, basi trafiki wamekaa na tochi ya kupimia mwendo.

"Ahsante baba Salma, hayo sikuyajua," akajibu. Yule mama ana adabu za Kitanga hasa. Toka nimuoe binti yake hajawahi kunipinga kwa neno lolote.

Ambacho sikumfundisha ni kamusi yangu ya pili, ile ya kuwajua watu kwa magari yao. V8: mheshimiwa, mpishe kabla hajaomba. Fuso: mbabe, hajasoma, anaona IST kama kopo. Bodaboda: ameshaaga kwao. Passo: mwanamke. Na mwanamke kwenye Passo, kwa mujibu wa kamusi yangu, taa akiwasha hajui pa kuzimia.

Tukapita Segera, tukaingia Michungwani. Pale kuna matuta. Nikavuka la kwanza, la pili, nikasikia watoto nyuma wanashangilia kwa nguvu, wengine wanakimbilia barabarani. Nikatoa mkono dirishani nikawapungia.

"Watoto wa huku wana adabu," nikasema.

"Wana adabu, baba," mama mkwe akaitikia.

Kufika Kabuku, magari yanayokuja yakaanza kuniwashia taa. Basi, Noah, lori la saruji, basi tena. Nikashuka mpaka 50. Wakazidi kuwasha. Nikashuka mpaka 40. Nikawa nanyanyua mkono kumshukuru kila mmoja, moyoni nimejaa: ona Watanzania tunavyopendana, hatujuani lakini hatutaki mwenzetu alambwe faini. Nikaenda kilomita nyingi kwa mwendo wa msiba, na tochi sikuiona.

Mkata ndipo ikaja ile Passo. Nyeupe, nyuma yangu, taa ya full. Ikawasha, ikazima, ikawasha. Honi. "Unaona sasa," nikamwambia mke wangu, "dada wa watu kashikilia mkono wa taa anadhani ni wa waipa." Mke wangu akaniangalia bila kusema kitu. Nikavuka tuta kubwa, gari likaruka kidogo, na ghafla kioo cha kati kikawa cheupe, nikaiona Passo yote mpaka namba. Nikafurahi. Fenesi limejilaza vizuri sasa, nikawaza, mzigo umekaa. Passo nayo ikapunguza mwendo, ikaegesha pembeni, ikapotea. Kachoka, nikawaza.

Karibu na Mbwewe ikatokea Fuso. Honi yake ilinifikia kabla yake. Taa, honi, taa, honi. Nikabana katikati ya njia yangu, leo hanitishi. Akasubiri kweupe, akapita, na alipokuwa sambamba nasi utingo akatoka dirishani mpaka kiunoni. Akatazama upande wa mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa amejifunga mtandio mpya wa rangi ya samli, akanyoosha kidole, akapiga kelele:

"Mchumbaaa!"

Hivyo ndivyo nilivyosikia mimi.

Damu ikapanda. Nimekaa na mke wangu, mama mkwe yuko nyuma, na kijana wa kubeba mizigo anamwita mchumba!

"Amesema ma..." mke wangu akaanza.

"Usimtetee!"

Nikafungua mkanda ili nitoke dirishani vizuri nami nimjibu. Nikamjibu. Sitaandika hapa nilichosema, mama mkwe alijifanya anakohoa. Fuso likazidi kwenda, nami nikakanyaga mafuta. Magari ya upande wa pili yakawasha taa tena. Safari hii sikupunguza. Nilishashukuru watu wa kutosha siku hiyo. Tukavuka daraja la Wami, na kabla ya Msata, chini ya mwembe, afande mmoja mwembamba akainua mkono taratibu kama anayeomba kuchangia kwenye kikao.

"Sabini na nne kwenye hamsini," akasema. "Unakimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu ambalo mtu mzima anaweza kulitoa. Afande akazunguka gari, akafika nyuma, akasimama muda mrefu. "Na hili buti umelifungua unauza nini?"

Nikashuka. Kamba yangu ya Kariakoo ilikuwa inaburuzika chini, fundo moja limebaki kwa ukumbusho. Gunia la kwanza lilikuwa tambarare. La pili lilikuwa limefunua mdomo kuelekea barabarani. Ndizi zilikuwepo. Fenesi halikuwepo.

Nikiwa bado nimeshika kichwa, ile Passo nyeupe ikaegesha nyuma yetu. Akashuka mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikajikuta nasema shikamoo kabla ubongo haujafika.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuwashia taa toka Mkata, nikadhani labda gari halina vioo." Akafungua mlango wa abiria. Juu ya kiti alikuwa ametandika khanga, na juu ya khanga limekaa fenesi letu, limepasuka ubavu mmoja, linanukia, na mkanda umepita katikati ya tumbo lake, umebana sawasawa. "Nililifunga," akaeleza, "kila nikikata kona lilikuwa linaniangukia kwenye gia."

Afande akalitazama fenesi. Akaniangalia mimi, fulana yangu, kiti changu, mkanda unaoning'inia.

"Hata fenesi limefunga mkanda," akasema.

Akaandika elfu thelathini ya mwendo. Ya mkanda akasema ananisamehe kwa heshima ya fenesi. Halafu akauliza tena, safari hii kwa udadisi tu, kilichonikimbiza. Mke wangu akashindwa kujizuia.

"Alidhani utingo kaniita mchumba! Kijana wa watu anapiga kelele machungwa, machungwa, anaonyesha kidole nyuma, huyu anamtukania mama yake!"

Mama wa Passo alilazimika kushika boneti kwa kicheko. Afande aligeuka akatazama mwembe kwa muda.

Tukahesabu. Yamebaki 41. Nikamgeukia mama mkwe kwa unyonge: "Mama, kweli hukuona yanaanguka?"

"Niliyaona, baba. Toka kule Michungwani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliwapungia wale watoto mkono. Nikajua unatoa sadaka." Akafungua mkoba wake, akachomoa ile kamba ya katani ya shemeji, imekunjwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

Kutoka Msata mpaka Bagamoyo fenesi lilikaa mbele na mimi, na mkanda wake. Mke wangu alihamia nyuma kwa mama yake, na kwa muda mrefu nilikuwa nasikia minong'ono na mabega yanatikisika. Tumekaribia Bunju, giza limeanza kuingia, lori moja nyuma yetu likapiga taa mara mbili.

"Mchumba," mke wangu akasema, "unaitwa."