Mjomba, Muhammad Ali na maegesho ya dola 40

Louisville, Kentucky, ni mji wa kwenda wakati wowote isipokuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Siku hiyo ni Kentucky Derby, mbio za farasi zinazokimbizwa kila mwaka tangu 1875. Watu kama 150,000 humiminika kwenye uwanja wa Churchill Downs, na hoteli hupandisha bei mpaka unajiuliza chumba unakipanga au unakinunua. Mjomba wangu wa Tanga habari za farasi hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Tangu ashuke kwenye ndege alikuwa na neno moja tu: nimpeleke kwao Muhammad Ali. Na likizo yangu, Mei 2023, ikaangukia siku hiyohiyo.

Tukatoka Columbus alfajiri. Chumba tulikuwa tumekipata ng'ambo ya mto Ohio, Jeffersonville, ambako ni jimbo jingine kabisa, Indiana, lakini daraja tu ndilo linalotenganisha. Mpango ulikuwa tuanze na nyumba aliyokulia Ali, ile ya rangi ya waridi mtaa wa Grand Avenue. Mpango huo uliishia barabarani. Askari wa kwanza alituelekeza kushoto, wa pili kulia, wa tatu hakututazama hata usoni, tukajikuta jirani na Churchill Downs kwenye foleni isiyokwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Tuegeshe pembeni, Mjomba, tutembee kidogo."

"Barabarani?" Akanigeukia. "Mji huu ndio walioiba baiskeli ya Ali mwaka 1954. Baiskeli ya mtoto wa miaka kumi na miwili! Sasa wewe unataka kuwaachia gari?"

Sikuwa na la kumjibu, maana baiskeli iliibwa kweli. Polisi aliyepelekewa mashtaka, Joe Martin, ndiye aliyekuja kumfundisha Ali ngumi.

Mara tukamwona mama mmoja mtu mzima kasimama mbele ya nyumba yake, anatupungia mkono tuingie.

"Umeona?" Mjomba akachangamka. "Hao ndio watu wa Ali. Mgeni hawaachi apite."

Wakazi wa mtaa ule, siku ya Derby, hukodisha majani ya mbele ya nyumba zao kwa wenye magari. Lakini kabla sijamaliza kueleza, Mjomba keshateremka na kanzu yake na kofia ya viua, keshapanda barazani, keshampa mama wa watu mikono miwili, na kiti cha bembea keshakikalia. Akaomba maji. Mama akanitazama mimi.

"Dola 40," akasema.

"Anasemaje?" Mjomba akauliza.

"Anasema karibu."

Namaliza kulipa, nageuka, nyuma yetu magari yamepangwa kama dagaa kwenye kopo. Hakuna kutoka mpaka mbio kubwa ziishe, na mbio kubwa ni karibu saa moja jioni. Hapo ilikuwa saa nne asubuhi.

Mjomba hakuona tabu. Derby ni sikukuu ya kofia: wanawake walipita mbele yetu na makofia mapana kama sinia, yana maua, yana manyoya, na kila aliyeiona kofia ya Mjomba alisimama. Aliposema imeshonwa kwa mkono, wakaomba picha. Jirani alikuwa anachoma mbavu za nguruwe, kwa hiyo sisi tukashika mahindi. Kisha mtu akamletea Mjomba bilauri yenye barafu na majani ya mnanaa. Akainusa, akaisogeza mbali.

"Hii sharubati yao imechacha."

Nikamwambia ni wiski, inatengenezwa kwa mahindi. Akasikitika sana kwa ajili ya mahindi.

Jioni mwenye nyumba akapita akiuliza kila mtu farasi wake namba ngapi. Mjomba akasema yeye hachezi kamari. Mama akasema hakuna anayemlazimisha kucheza, ataje tu namba anayoipenda.

"Nane," akasema Mjomba. "Raundi Ali aliyomlaza Foreman, Kinshasa, 1974."

Kisha akasimama kulieleza pambano lote kwa Kiingereza cha shule ya msingi na ngumi za hewani. Lilianza saa kumi usiku kule Kinshasa ili Wamarekani walione kabla hawajalala. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na yeye alichelewa shule akisubiri matokeo redioni. Alipofika raundi ya nane akapiga bakuli la saladi. Mama akaiwekea namba nane dola 20 kwa simu.

Mbio zenyewe ni kilomita mbili, dakika mbili, basi. Namba nane, farasi anaitwa Mage, wachache walikuwa wamempa nafasi. Akashinda. Kila dola 2 ikalipa dola 32 na senti, kwa hiyo mama alikuwa na zaidi ya 320. Akapiga kelele, akamkumbatia Mjomba mpaka kofia ikaanguka, akatoa noti ya dola 100.

"Mwambie ahsante sana," Mjomba akaniambia, "lakini ya kamari siipokei."

Nilitafsiri polepole sana, nikimpa nafasi ya kubadili nia.

Jumapili hakutaka kusikia habari za gari. Tukavuka kwa miguu Big Four Bridge, daraja la reli la 1895 ambalo siku hizi ni la waenda kwa miguu na baiskeli, bure, tukafuata ukingo wa mto mpaka Muhammad Ali Center. Humo kuna mpira wa mazoezi ya ngumi. Mjomba akaupiga, ukamrudia puani, akasema hata Ali alianza hivyo. Mchana tukaenda Brown Hotel kula Hot Brown, chakula kilichobuniwa hapohapo mwaka 1926: mkate wa kubanika, nyama ya bata mzinga, mchuzi mzito wa maziwa na jibini. Juu huweka nyama ya nguruwe; tukaomba wasiweke. Mjomba alipangusa sahani kwa mkate.

Bili ikaja. Akaisoma bila miwani, kisha na miwani.

"Hivi yule mama," akasema, "ulimwambia kabisa kabisa kwamba hatuzitaki?"